Namna ya kuliongoza tumaini la familia wakati mtoto anatibiwa mzio wa karanga

Mwongozo huu ni kwa wazazi wa Lubumbashi na miji ya jirani ambao mtoto wao ana mzio wa chakula, ambao wengi wetu tunauita aleji, na ambao wamesikia kwamba siku hizi ipo tiba ya kumzoesha mtoto kidogo kidogo chakula kilekile kinachomdhuru. Nauandika nikiwa mama aliyeipitia tiba hiyo pamoja na binti yake. Mambo ya dawa mtaelezwa na daktari, tena kwa ufasaha kunishinda. Jambo ambalo sikuelezwa na mtu yeyote ni namna nyumba nzima inavyopaswa kutumaini, kwa maana kila mtu kwetu alitumaini la kwake, na matumaini hayo yasiyofanana yalitugombanisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Hakikisheni kwanza ugonjwa ni upi

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka mitano jirani alipompa kipande cha chikanda. Kwa msomaji asiyekijua, chikanda hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi za porini ambavyo hutwangwa, vikapikwa pamoja na unga wa karanga na pilipili mpaka vishikamane, na huku kwetu huuzwa kwa vipande sokoni na kando ya barabara. Hazikupita dakika kumi midomo ikamvimba, ngozi ikajaa mabaka, akaanza kutapika na sauti ikakwaruza kama ya mtu mzima mwenye mafua. Watu wa uani walisema amewekewa sumu. Mtoto alipona hospitalini, lakini kwa miezi miwili jirani yule, aliyempenda kama mwanawe wa kumzaa, hakusalimiwa na mtu wa nyumba yetu.

Kwa sababu hiyo nasema hatua ya kwanza ni kupata jibu la uhakika. Daktari ataanza kwa kuuliza: mtoto alikula nini, kiasi gani, dalili zilianza baada ya dakika ngapi, na kama aliwahi kula chakula hicho bila tatizo. Kisha hufuata kipimo cha ngozi, ambapo tone la kiini cha chakula huwekwa mkononi na ngozi ikachomwa kidogo juu yake, au kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, zinazoitwa IgE. Mwambieni daktari mapema ikiwa mtoto anatumia dawa za antihistamini, yaani zile za kutuliza muwasho wa mzio, kwa kuwa hizo huvuruga kipimo cha ngozi na huhitaji kusimamishwa siku kadhaa kabla. Mjue pia kwamba kipimo peke yake hakitoshi, kwani wapo watoto ambao kipimo chao huonyesha mzio ilhali wanakula chakula hicho bila kudhurika. Pale shaka inapobaki, mtoto hulishwa chakula chenyewe kwa kiasi kinachoongezwa polepole, hospitalini, mbele ya wahudumu walio tayari na adrenalini, sindano ya kumwokoa mtu mzio unapomzidi.

Jibu hilo huamua mtumaini nini. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe au wa mayai hupona wenyewe wanapokua, kwa hiyo familia yao inaweza kutumaini kwa kusubiri, mradi mtoto apimwe tena kila daktari anapoagiza. (Maziwa ya mbuzi si mbadala wa maziwa ya ng'ombe kwa mtoto wa namna hiyo, ingawa wengi hushauriwa hivyo na majirani, kwa kuwa protini za maziwa hayo mawili zinafanana mno.) Mzio wa karanga hauna tabia hiyo, na ni takriban mtoto mmoja kati ya watano tu anayepona bila tiba. Sisi tulipata jibu kuwa ni karanga, na siku hiyohiyo mume wangu alikwenda kumwomba jirani radhi kabla hajampigia simu mtu mwingine yeyote.

Andikeni matumaini ya kila mmoja, kisha mpelekeeni daktari

Hili ndilo jambo ambalo lingetupunguzia maumivu mengi kama tungelifanya mwanzoni. Chukueni daftari, kaeni jioni moja baada ya kula, na kila mtu aseme anatumaini nini kutokana na tiba, bila kusahihishwa na mwingine. Wazee nao waulizwe, na watoto pia. Sisi tulilifanya tukiwa tumechelewa, baada ya ugomvi, na majibu yalikuwa haya. Baba alitaka mtoto ale kila kitu kama wenzake. Nkambo, kama tunavyomwita bibi huku kwetu, alitaka dawa iumalize ugonjwa kabisa usirudi. Mimi nilitaka nilale usiku. Kaka yake mwenye miaka tisa alitaka karanga zirudi nyumbani, kwa sababu tulikuwa tumeziondoa zote naye alizipenda na ndizi. Binti mwenyewe, alipoulizwa, alisema anataka kukaa meza moja na watoto wengine shuleni.

Ili mjue ni lipi kati ya hayo linawezekana, ni lazima mwelewe tiba inafanya nini. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1908 daktari wa Uingereza, Alfred Schofield, aliandika katika jarida la Lancet habari za mvulana aliyedhurika kila alipokula yai, ambaye alilishwa yai kwa kiasi kidogo sana kilichoongezwa kwa miezi mpaka akaweza kulila. Tiba ya leo inafuata njia hiyohiyo kwa uangalifu zaidi. Mtoto huanza na unga wa karanga usiojaza hata ncha ya kijiko, wenye protini ya miligramu chache au chini ya miligramu moja, na dozi huongezwa mbele ya daktari kila baada ya wiki mbili hivi, kwa muda wa miezi sita au zaidi, mpaka afikie takriban miligramu 300 za protini, yaani kiasi cha punje moja ya karanga. Punje hiyo moja, au unga wake, ndiyo atakayoendelea kuila kila siku. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, na hapa kibaba chenyewe ni punje moja.

Lengo la punje hiyo ni kinga dhidi ya ajali. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu unga wa karanga uliopimwa kwa ajili ya tiba, watoto na vijana wa miaka 4 hadi 17 walitibiwa kwa karibu mwaka mmoja, na mwishoni asilimia 67 kati yao waliweza kuvumilia miligramu 600 za protini ya karanga kwa mara moja, wakati katika kundi lililopewa unga usio na karanga ni asilimia 4 tu walioweza. Utafiti huohuo ulionyesha na upande wa pili: takriban mmoja kati ya kumi aliacha tiba kwa sababu ya madhara, na asilimia 14 ya waliotibiwa walihitaji adrenalini wakati fulani, idadi inayozidi mara mbili ile ya kundi la pili. Mwezi Januari 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo, Palforzia, kwa masharti kwamba mtoto aendelee kuepuka karanga katika chakula chake cha kawaida.

Sasa rudini kwenye daftari. Daktari wetu alilisoma mstari kwa mstari. Kwa tumaini la baba alijibu hapana: mtoto hataruhusiwa kula kila kitu, na mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga itabaki marufuku. Kwa tumaini la nkambo alijibu pia hapana, kwa upole, akieleza kwamba mwili umezoezwa na haujaponywa, na kwamba anayeacha dozi anaweza kupoteza alichopata. Kwa tumaini langu alisema ndiyo, kwa kiasi kikubwa. La kaka alisema lingoje. Alipofika kwenye la binti aliweka kalamu chini akauliza kwa nini mtoto anakaa peke yake. Hapakuwa na sababu ya kitabibu. Mwalimu aliogopa, nasi tulikubali kwa woga wetu. Karanga haimdhuru mtoto kwa kutazamwa. Inatosha wenzake wasigawane naye chakula, meza ifutwe kwa maji na sabuni na mikono ioshwe. Tulizungumza na shule na wiki iliyofuata akahamia meza ya wenzake, miezi mingi kabla ya dozi ya kwanza. Nalisimulia hili kwa urefu kwa sababu nimeona familia nyingine zikibeba gharama kubwa kutafuta jambo ambalo lingepatikana kwa mazungumzo ya nusu saa.

Jambo moja lisijadiliwe kabisa: tiba hii haifanywi nyumbani kwa kubahatisha. Mzazi asichukue unga wa karanga jikoni akaanza kumzoesha mtoto mwenyewe, hata kama amesoma namna inavyofanywa. Tofauti kati ya dozi ya leo na dozi ya kuua inaweza kuwa ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona.

Jikoni na wazee

Kumwambia mama mkwe kwamba chakula chake kinaweza kumuua mjukuu ni jambo zito, na likisemwa vibaya huvunja nyumba. Msimkataze tu. Mwombeni awe mlinzi. Nkambo wetu alipotakiwa kutunza sufuria, mwiko na kinu vya mtoto, visivyowahi kugusa karanga, akawa mkali kuliko sisi sote, na mgeni aliyeingia na karanga za kukaanga mfukoni alizila nje ya lango. Mpeni orodha ya vyakula vyenye karanga zisizoonekana: chikanda, lengalenga na kalembula zilizoungwa kwa unga wa karanga, uji wa lishe uliochanganywa nafaka, mafuta ya kukaangia yaliyotumika kwa vitu vingi, na ile lishe ya pakiti wanayopewa watoto wenye utapiamlo katika vituo vya afya, Plumpy'Nut, ambayo imetengenezwa kwa karanga na maziwa ya unga. Mtoto wenu akipelekwa kupimwa uzito na mtu mwingine, mtu huyo lazima ajue hilo.

Dozi ya kila siku

Sisi tulilazimika kutengana. Mimi na binti tulikaa Johannesburg, Afrika Kusini, tulikofuata tiba, kwa ndugu wa mume wangu kwa miezi minane, baba na kaka wakabaki Lubumbashi. Kama nanyi mtasafiri, hesabuni nauli pamoja na kodi, chakula, masomo yatakayokatika, na upweke wa mtoto anayebaki nyumbani. Kila jioni saa kumi na moja baba alipiga simu ya video wakati wa dozi, wala hakuuliza habari za tiba, alisimulia tu habari za mtaani. Nusu saa hiyo ilitushikilia.

Dozi hutolewa baada ya mlo, kamwe si kwa tumbo tupu, ikichanganywa na chakula laini anachokipenda mtoto. Sisi tulitumia ndizi iliyopondwa. Baada ya hapo mtoto asikimbie wala kucheza mpira kwa saa mbili au tatu, asioge maji ya moto, asilale mara moja, na mtu mzima awe karibu. Mtoto akiwa na homa, anapotapika, anapoharisha, au pumu inapomsumbua, pigeni simu kwa daktari kabla ya kumpa dozi, kwa sababu mwili unaopambana na malaria unaweza kuikataa dozi uliyoivumilia jana. Mkikosa siku kadhaa mfululizo, msirudi kwenye dozi ileile bila kuuliza. Pumu isiyotulizwa ni sababu ya kutoanza tiba kabisa. Mtoto akianza kulalamika kwamba chakula kinamkwama au kinamuuma anapomeza, hilo pia liripotiwe, hata kama ngozi yake ni safi.

Adrenalini iwe mikononi mwenu

Kalamu za adrenalini zinazodunga kwa kubonyezwa ni ghali na kwetu si rahisi kuzipata, kwa hiyo daktari alinifundisha kutumia kichupa cha kioo chenye miligramu 1 katika mililita 1, pamoja na bomba la sindano la mililita 1. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, na kwa watoto kisizidi miligramu 0.3. Binti alikuwa na kilo 20, hivyo kipimo chake kilikuwa mililita 0.2. Kiasi cha mtoto wenu kiandikwe na daktari mwenyewe, na kiandikwe upya kila anapoongezeka uzito. Mimi nilichora mstari mwembamba kwa rangi nyekundu ya kucha juu ya bomba, kwenye alama ya 0.2, ili mkono unaotetemeka usihitaji kusoma tarakimu. Sindano hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati, hata juu ya nguo ikibidi. Kichupa hakihitaji friji, kwa hiyo umeme ukikatika hakiharibiki, lakini kiepushwe na jua na joto kali, na kitupwe kikibadilika rangi au muda wake ukiisha.

Tuliitumia mara moja, katika wiki ya tisa. Binti alikuwa amekula dozi yake vizuri, kisha binamu yake akaja na mpira mpya, nami nilikuwa nikianua nguo. Alirudi akikohoa, na shingo imejaa mabaka. Nakumbuka sauti ndogo ya shingo ya kichupa ikivunjika ndani ya kitambaa, na namna kiputo cha hewa kilivyokataa kupanda ndani ya bomba mpaka nilipoligonga kwa ukucha. Nilidunga. Alilia, na kilio kile kilinifariji, kwa sababu anayelia anapumua. Nilimkalisha, maana kifua kilikuwa kimembana. Ambaye hana shida ya kupumua hulazwa chali na miguu kuinuliwa, na yeyote kati yao asisimamishwe wala kutembezwa. Dakika tano zikipita bila nafuu hudungwa mara ya pili, na kwa vyovyote vile hupelekwa hospitalini kuangaliwa, hata akiwa amechangamka. Dawa za antihistamini hutuliza muwasho tu; msizitegemee pale pumzi inapobana.

Siku mbaya na maneno ya watu

Jioni ile nilitaka kuacha. Nashauri mwekeane ahadi tangu mwanzo kwamba uamuzi wa kuacha hautafanywa siku ya dharura, wala na mtu mmoja, na kwamba utafanywa baada ya siku tatu, pamoja na daktari, baada ya mtoto mwenyewe kuulizwa. Sisi tulipunguziwa dozi, tukakaa hapo wiki nne, tukaendelea. Familia nyingine tuliyoizoea kliniki iliacha, kwa sababu mtoto wao alitapika kila siku na akaanza kuogopa kila kijiko. Walifanya sawa. Tumaini lao lilikuwa mtoto mwenye furaha, na tiba ilikuwa inaliondoa.

Kuhusu maombi, nasema kama mwamini. Ombeni, na waombeni ndugu wawaombee. Hatari ipo pale mtu anapompa mtoto karanga ili kuonyesha kwamba amepona kwa imani. Mchungaji wetu alielezwa mapema, kwa heshima, naye mwenyewe alitangaza kwamba mtoto huyu asipewe chakula na yeyote ila wazazi wake. Zungumzeni na viongozi wenu kabla ya tatizo.

Kwa wasioweza kusafiri, na kwa mtoto anayefuata

Si kila familia itapata tiba hii, na mzazi asijione amemnyima mtoto uhai. Kuepuka karanga kwa makini, kuwa na adrenalini, na kuwa na watu watano wanaojua kuidunga, huo ndio msingi ambao hata waliotibiwa hawauachi. Baada ya sisi kurudi, jirani yetu wa chikanda alikuwa wa kwanza kuomba afundishwe, na alifanya mazoezi kwa maji juu ya chungwa mpaka akaridhika.

Mkitarajia mtoto mwingine, msimfiche karanga kwa woga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia watoto wachanga 640 huko London, ulionyesha kwamba kuwalisha karanga mapema watoto walio katika hatari kulipunguza mzio kwa takriban asilimia 80 walipofika miaka mitano. Mtoto mwenye ukurutu mkali au mwenye mzio wa mayai apimwe kwanza, na wote wapewe karanga iliyosagwa laini ndani ya uji, kamwe si punje nzima, kwa kuwa humkaba. Katika nyumba yenye mtoto mgonjwa, uji huo upikwe na kuliwa mbali na vyombo vyake.

Baada ya kufikia dozi ya mwisho, kazi inayobaki ni ya uvumilivu tu, na hapo ndipo wengi hulegea, kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Mchagueni mtu wa pili atakayetoa dozi mzazi anapokuwa safarini au kwenye kilio, na mtoto afundishwe kuiomba mwenyewe. Kwetu saa kumi na moja jioni bado ni saa ya ndizi. Binti sasa ana kilo 26, na mstari mwekundu kwenye bomba la sindano umesogea.